Fidia Ihesabu Majani, Isihesabu Mizoga

Ukame unapotajwa nchini mwetu, mawazo hukimbilia mizoga ya ng'ombe iliyotapakaa mbugani. Wiki hii naomba tuzungumzie kinachotangulia mizoga hiyo, yaani kukosekana kwa majani.

Tuanzie Kirua Vunjo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Huko ng'ombe hukaa bandani na kuletewa chakula: migomba iliyokatwakatwa kutoka kihambani, pamoja na majani na mabua yanayopandishwa kutoka tambarare. Naye hulipa kwa maziwa, na kwa samadi inayorutubisha kahawa na ndizi. Zamani mwenye ng'ombe wengi aliwagawa kwa majirani wamtunzie. Mtunzaji alipata maziwa na samadi, na janga likiingia banda moja halikufilisi ukoo mzima.

Mvua ikikosekana tambarare, mama wa Kirua huona kwanza bei ya mzigo wa majani ikipanda. Ng'ombe wake hafi upesi. Hupungua maziwa, hukonda, kisha huuzwa kwa bei ya kutupa. Maofisa wakija kuhesabu vifo, banda la mama huyu ni tupu, lakini hana mzoga wa kuwaonyesha.

Tukumbuke ukame wa 2008 na 2009, ulioangamiza mifugo Monduli, Longido na Ngorongoro. Serikali ya Rais Jakaya Kikwete iliamua kuzipatia mitamba kaya zilizopoteza mifugo yote. Mpango huo ukajulikana kama kifuta machozi. Ulikuwa uamuzi wa kiungwana, nami sitaubeza. Hata hivyo, mitamba ilikuja zaidi ya miaka miwili baada ya maafa, na jina lenyewe linajieleza: machozi hufutwa baada ya mtu kulia.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Oktoba 2015 serikali yao ilianzisha bima ya mifugo katika kaunti za Turkana na Wajir, ikawalipia wafugaji ada ya ng'ombe watano kwa kila kaya. Setilaiti zilipima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, fedha hutolewa ili mfugaji anunue chakula na maji wakati ng'ombe angali hai. Marekani nayo, kwa sheria ya kilimo ya 2008, ilianza kuwalipa wafugaji malisho yanapokauka, kwa kufuata ramani ya ukame inayotolewa kila wiki.

Je, tuige tu? La hasha. Setilaiti ikitazama Kirua Vunjo itaona migomba imestawi na kusema kuna neema, ilhali majani ya ng'ombe yamekauka huko chini kuelekea Uchira. Kwa hiyo kipimo chetu kinapaswa kufuata majani yanakotoka, hata kama banda liko mlimani. Afisa mifugo wa kata anaweza kuongeza kipimo rahisi zaidi: bei ya mzigo wa majani sokoni, iandikwe kila wiki.

Ng'ombe mmoja wa bandani ni ada ya shule, ni mbolea na ni kikombe cha maziwa cha mtoto. Akishauzwa, kumrudisha huchukua miaka. Fedha ya kumnunulia majani ya miezi miwili ni ndogo kuliko bei ya mtamba. Wanaopanga bajeti ya maafa waanzie kwenye hesabu hiyo.