Sauti za Rwenzori Katika Maktaba za Mbali: Kumbukumbu za Muziki wa Wakonzo wa Kasese na Bwera

1.0 Utangulizi

Historia ya Wakonzo wa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, imeandikwa zaidi kutokana na majalada ya serikali. Sauti za Wakonzo wenyewe zimehifadhiwa kwingine, katika kanda zilizorekodiwa na watafiti binafsi na baadaye kukabidhiwa maktaba. Makala haya yanafuatilia historia ya kumbukumbu hizo na kutoa hoja kwamba kurejesha nakala zake pekee hakutoshi. Ufafanuzi wake unapaswa kufanywa na wasemaji wa Lukonzo, wakati wazee wanaozikumbuka nyimbo hizo wangali hai.

2.0 Muziki na Siasa za Mlimani

Mwaka 1921 serikali ya kikoloni iliwanyonga Tibamwenda, Nyamutswa na Kapolya, viongozi wa upinzani wa Wakonzo dhidi ya utawala wa Toro. Katika miaka ya 1950, Isaya Mukirania na wenzake waliunda jumuiya ya kutafiti maisha na historia ya Wakonzo. Kazi ya kukusanya kumbukumbu, basi, haikuletwa na wageni peke yao. Mukirania huyohuyo ndiye aliyeongoza vuguvugu la Rwenzururu, lililojitangazia kujitenga na Toro mwaka 1962.

Mwaka huohuo Gerhard Kubik alichapisha makala kuhusu endara, marimba ya Wakonzo inayopigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1982, Peter Cooke na Martin Doornbos walichapisha uchunguzi wao wa nyimbo za upinzani za Rwenzururu; na ni mwaka huo Charles Wesley Mumbere, mrithi wa Mukirania, alipoweka silaha chini. Makala ya kwanza ilihusu ala. Ya pili ilihusu maneno na siasa yake. Msomaji anayetaka kuielewa miongo hiyo miwili anahitaji zote mbili, pamoja na sauti zenyewe.

3.0 Mwenye Kanda na Mwenye Wimbo

Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda tangu 1948 hadi 1957, alirekodi muziki wa jamii nyingi za nchi hiyo. Rekodi zake, kama zile za Cooke, zimo katika Maktaba ya Taifa ya Uingereza mjini London, na nakala za kidijitali za mkusanyo wa Wachsmann zimerejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, kutoka Makerere hadi Bwera ni takriban kilomita 400, na kwa mkulima wa Bwera umbali huo hautofautiani sana na ule wa London.

Mfano wa Louis Armstrong, mwanamuziki wa jazi wa Marekani aliyezuru Uganda mwaka 1960, unasaidia kulipima tatizo hili. Aliacha mamia ya kanda alizorekodi nyumbani na safarini, pamoja na picha, barua na masanduku ya kanda aliyoyapamba kwa mikono yake. Mkusanyo huo ulihifadhiwa katika maktaba ya Queens College, New York, na kufunguliwa kwa umma mwaka 1994. Thamani yake inatokana pia na orodha za yaliyomo alizoziandika Armstrong mwenyewe. Kwake, mwenye kanda na mwenye sauti alikuwa mtu mmoja. Kwa nyimbo za Wakonzo ni watu wawili, na aliyeandika maelezo siye aliyeimba.

4.0 Lugha ya Ufafanuzi na Haki ya Kusikiliza

Kasese ulikua kutokana na reli iliyofika mwaka 1956 na shaba ya Kilembe, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kazi. Huko Bwera, mpaka wa Mpondwe unawatenganisha Wakonzo na ndugu zao Wanande wa Kongo, ambao nao hutumia Kiswahili. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Kwa hiyo, faharasa ya Lukonzo na Kiswahili ingewahudumia wasikilizaji wa pande zote mbili.

Uwazi nao una mipaka. Novemba 2016, vikosi vya usalama vilipovamia kasri la mfalme mjini Kasese, zaidi ya watu 100 waliuawa. Katika mazingira hayo, wimbo wa vita wa miaka ya 1960 unaweza kusikika kama historia kwa mmoja na uchochezi kwa mwingine. Kuufungia wimbo huo kungeendeleza ukimya. Kuutoa bila maelezo kungeweza kuwadhuru jamaa wa waliouimba.

5.0 Hitimisho

Makala yanapendekeza mambo matatu: nakala ziwekwe Kasese na Bwera; wazee na walimu wa Lukonzo walipwe kwa kazi ya ufafanuzi kama wataalamu wengine; na familia za waimbaji zishirikishwe katika kuamua nyimbo zipi zifunguliwe, na kwa masharti gani. Kanda ya kidijitali inaweza kunakiliwa wakati wowote. Mzee anayejua wimbo ulimlenga nani hawezi.