Upimaji wa Afya ya Wanamichezo wa Shule Marekani

Katika majimbo mengi ya Marekani, mwanafunzi wa sekondari haruhusiwi kuichezea shule yake kabla mhudumu wa afya hajatia saini fomu ya kuthibitisha uzima wake, sharti lililozielemea familia zisizo na bima hata madaktari wa kujitolea wakaanza kuwapima vijana bure katika kumbi za shule. Kazi hugawanywa kwa vituo: meza moja hupima shinikizo la damu, nyingine macho, na mbele kidogo kijana huagizwa kuchuchumaa na kutembea kama bata hatua nne, zoezi ambalo, ingawa huchekesha, hufichua kwa mara moja kasoro za nyonga, goti na kifundo cha mguu.

Mwongozo wa pamoja wa vyama vya madaktari wa Marekani kuhusu upimaji huu ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1992. Italia ilikuwa imekwisha kuamuru, tangu 1982, kipimo cha umeme wa moyo, yaani mchoro wa mapigo yake, kwa wanamichezo wote wa mashindano. Marekani haikukifanya cha lazima kitaifa, ikategemea zaidi maswali anayoulizwa kijana, na pengine zito kuliko yote ni lile la ndugu aliyefariki kwa maradhi ya moyo akiwa bado na umri mdogo.