Kocha, Tabibu wa Nafsi, na Komeo la Siri

Neno kocha, ambalo kwetu ni neno la kabumbu, lilisafiri mbali kabla ya kufika viwanjani. Maana asili yake ni kijiji cha Kocs, nchini Hungaria, ambacho tangu karne ya 15 kilisifika kwa magari yake ya farasi, na jina la gari hilo likaingia katika Kiingereza, hata wanafunzi wa Oxford, yapata mwaka 1830, wakamwita hivyo mwalimu wa faragha aliyewabeba mpaka ng'ambo ya mtihani. Kocha, basi, ni mchukuzi: haulizi maradhi ya abiria, huuliza aendako.

Aliyelitoa neno hilo mwilini akalitia nafsini ni Timothy Gallwey, nahodha wa zamani wa tenisi katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970, akifundisha mchezo huo California, alitambua kwamba kadiri alivyowaamuru wanafunzi wakunje mkono hivi na kugeuza bega vile, ndivyo walivyozidi kukakamaa. Akaacha kuamuru. Akamtaka mwanafunzi aseme "dunda" mpira ugusapo ardhi, na "piga" ugusapo raketi, basi. Naye mwanafunzi, fikira zake zikiwa zimeshughulika na mpira, akasahau kujilaumu, na mkono ukafanya kazi yake wenyewe. Kitabu alichokitoa mwaka 1974 kilisomwa na wengi wasiocheza tenisi, na John Whitmore, aliyekuwa dereva wa mashindano ya magari, akayapeleka mafunzo hayo katika makampuni ya Uingereza.

Kisha akaja Thomas Leonard, mshauri wa mambo ya fedha huko San Francisco, aliyeona kuwa wateja wake walitaka kuzungumza juu ya maisha yao kuliko akiba zao. Mwaka 1992 akaanzisha shule ya makocha, na mwaka 1995 shirikisho lao la kimataifa. Masomo yalitolewa kwa simu, na hapo, kwa rai yangu, ndipo ilipo sababu ya kuenea upesi: leseni ya tabibu wa nafsi, huko Marekani, hutolewa na jimbo, na enzi hizo aghalabu ilikomea mpakani, ilhali simu haina mpaka.

Leseni yenyewe si ya kale. Connecticut ilitunga sheria ya wanasaikolojia mwaka 1945, na Missouri ikamalizia orodha ya majimbo mwaka 1977. California humtaka mwanasaikolojia atimize saa 3,000 za kazi chini ya usimamizi. Mtu aweza kudhani huo ni ukuta wa kuwanyima wengine riziki. Mimi sioni hivyo, na hoja yangu ni kesi moja.

Mwaka 1991 askari polisi mwanamke, katika jimbo la Illinois, alimwua mtu kwa risasi akiwa kazini; kisha akaenda, mara zipatazo 50, kumfungulia moyo mshauri mwenye leseni. Jamaa za marehemu walipofungua madai, wakataka maandishi ya mazungumzo hayo, na wote wawili wakakataa kuyatoa. Juni 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji 7 dhidi ya 2, kwamba maneno ya faragha aambiwayo tabibu wa nafsi mwenye leseni hayalazimishwi kutolewa katika mahakama za shirikisho.

Shirikisho la makocha lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na kinga hiyo haikuwafikia. Kocha aweza kuahidi siri, na wengi huitimiza kwa uaminifu, walakini ahadi yake haina komeo la sheria.

Pwani yetu ilikuwa na somo na kungwi, ambao siri zao zililindwa na miiko ya unyago. Kenya nayo, mwaka 2014, ikawatungia sheria washauri nasaha na wanasaikolojia, yenye bodi ya kuwasajili. Lakini mja apigaye simu usiku, akiwa na jambo ambalo hajamwambia hata mamaye, komeo halioni kwa macho. Husikia sauti tu, na sauti ya kocha na ya tabibu, usiku ule, zafanana.