Rangi ya Ehrlich na pumu ya Kigoma

Tone la damu likitandazwa jembamba kwenye kioo, likapakwa rangi ya Giemsa na kuwekwa chini ya hadubini, fundi wa maabara hutafuta kwanza vimelea vya malaria. Lakini katika kioo hicho hicho mna habari ya mgonjwa wa pumu. Kati ya seli nyeupe za damu zipo chache zilizojaa punje za rangi ya chungwa. Hizo ni iosinofili.

Aliyezitambua ni Paul Ehrlich, daktari kijana wa Ujerumani, mwaka 1879. Aliona kwamba punje zake hunyonya eosini, rangi iliyokuwa ikitumika kutia nguo wekundu. Mwaka 1904 Gustav Giemsa wa Hamburg alikamilisha mchanganyiko wa eosini na rangi za buluu kwa ajili ya malaria, nao unatumika mpaka leo. Miaka michache baadaye, daktari Robert Koch alipomaliza utafiti wake wa malale katika visiwa vya Ssese, Uganda, serikali ya Kijerumani ilifungua kambi za malale hata kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo hadubini ilifika ufukweni kabla ya reli, iliyoingia Kigoma mwaka 1914.

Wakati huo hakuna aliyejua seli za Ehrlich zingemfaa vipi mwenye pumu. Jibu lilitoka Derby, Uingereza, mwaka 1958. Dawa za jamii ya kotisoni zilikuwa zimejaribiwa kwa wenye pumu, matokeo yakawa ya kukatisha tamaa. Daktari Harry Morrow Brown akachukua makohozi ya wagonjwa wake, akayatazama kwa hadubini. Waliokuwa na iosinofili nyingi walipata nafuu kubwa kwa dawa hizo. Wasiokuwa nazo hawakunufaika. Mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kuchapisha matokeo ya beklometasoni ya kuvuta, dawa inayotuliza mchochota ndani ya njia za hewa. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa hesabu ya iosinofili katika damu nayo husaidia kufuatilia hali ya mgonjwa na kupima kiasi cha dawa.

Funzo la kuhesabu iosinofili kwanza lilisahaulika, likarudi kwa gharama. Mwaka 2000 sindano ya mepolizumabu, iliyojaribiwa kwa wenye pumu, ilipunguza iosinofili, lakini wagonjwa hawakuona tofauti, kwa kuwa hawakuchaguliwa kwa hesabu ya seli hizo. Mwaka 2009 ilijaribiwa kwa waliokuwa na iosinofili nyingi, na mashambulizi ya pumu yakapungua. Mwaka 2015 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo. Leo hesabu ya 300 au zaidi katika kila maikrolita ya damu ni dalili inayomfanya daktari afikirie mchochota wa aina hii.

Kigoma ina jambo lake la kuangalia. Iosinofili hupanda pia kwa sababu ya minyoo na kichocho. Kichocho cha tumbo kipo kwenye ufuko wa ziwa. Hata nyani wa Gombe wamekutwa nacho. Mvuvi anayeshinda majini, mama anayeosha vyombo ziwani na mtoto anayeogelea wanaweza kuwa na hesabu ya juu bila kuwa na pumu. Malaria kali, kwa upande wake, huishusha, na vidonge vya prednisoloni, dawa ya jamii ya kotisoni, vilevile. Kwa hiyo namba isisomwe peke yake. Choo kipimwe, minyoo itibiwe, ndipo damu irudiwe. Tahadhari hii huokoa maisha: mnyoo uitwao strongiloidi, ukimkuta mtu anayemeza prednisoloni, unaweza kuzaliana mwilini mpaka kumuua.

Sindano mpya ni ghali mno kwetu, lakini maarifa yaliyozizaa si ghali. Picha kamili ya damu na kipimo cha choo ni vipimo vya kawaida. Mgonjwa anayebanwa kifua kila mara, awe anabanika samaki kwenye moshi au anapikia kuni, asiondoke na salbutamoli pekee, dawa inayofungua kifua kwa saa chache huku mchochota ukiendelea. Anastahili pia dawa ya kuvuta ya kutuliza mchochota, na asiyeweza kufanyiwa kipimo asinyimwe kwa sababu hiyo. Dawa hiyo ikosekanapo kwenye rafu ya kituo cha afya, wenye dhamana wanapaswa kuulizwa, na waulizwe mpaka iletwe.