Kadi ya gemu: anza na skrini na stima, jina la kadi lije mwisho

"Mjomba, kadi imefika, lakini haiingii."

Hiyo ilikuwa simu ya mpwa wangu wa Kilifi, saa tatu usiku, mwaka jana. Kijana huyu huhariri video za harusi, na akimaliza kazi hucheza gemu. Alijibana miezi minane mpaka akapata pesa za kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha na kuzipeleka kwenye skrini. Aliagiza kwa duka la mbali, ikaletwa kwa basi. Kadi ilikuwa kubwa ya feni mbili; kompyuta yake ni ile nyembamba ya mtumba iliyotoka maofisini ng'ambo. Fundi mmoja akamwambia aache kasha wazi, kisha akaunga umeme wa kadi kwenye waya wa diski. Siku ya tatu plagi iliyeyuka, moshi ukatoka, kompyuta ikazima na video za harusi mbili zikiwa ndani.

Duka lilikataa kurudisha pesa. Lilisema kadi ilitoka nzima, na kweli ilitoka nzima. Kosa lilikuwa kuchagua kadi kwanza na kuuliza maswali baadaye.

Mimi natengeneza kompyuta hapa Malindi, na karibu kila mwezi huletewa kesi ya aina hii. Kwa hivyo naandika kwa utaratibu ambao ningetaka mpwa wangu aufuate.

Kwanza, skrini

Kadi hufanya kazi kulingana na nukta za skrini. Skrini ya 1920 kwa 1080, ambayo wengi wetu tunayo, ina nukta 2,073,600. Ile ya 2560 kwa 1440 ina nukta 3,686,400, na ya 4K ina 8,294,400, yaani mara nne ya ile ya kwanza. Tena, skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde. Ukinunua kadi inayotoa picha 140, hizo zilizozidi huzioni.

Angalia pia gemu zako. Valorant, Fortnite na mpira wa EA Sports FC hazihitaji kadi kubwa. Cyberpunk 2077 na wenzake ndio wanaokula nguvu. Mwenye skrini ya kawaida na gemu za mpira hana haja ya kuuza simu yake ili anunue kadi.

Pili, stima ndani ya kompyuta

Fungua kasha usome karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai. Kompyuta nyingi ndogo za mtumba za Dell na HP zina pawa saplai ya wati 180 hadi 260, na mara nyingi haina plagi ya kadi. Nyingi pia zina plagi za kampuni yenyewe, kwa hivyo huwezi kuchomoa na kuweka pawa saplai yoyote ya dukani.

Kadi isiyo na plagi yake hupata umeme kupitia tundu la ubao wa kompyuta, na tundu hilo hutoa wati 75 tu. Mwenye kompyuta nyembamba atafute kadi isiyopita hapo, na yenye umbo fupi: GTX 1650 ya wati 75 (hakikisha ni ile isiyo na plagi), au RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka 2024, ya wati 70. Hizi ziko chini ya kadi za kati, lakini zitacheza bila kuchoma nyumba.

Waya unaogeuza plagi ya diski kuwa plagi ya kadi usiukubali hata ukipewa bure. Plagi ya diski haikutengenezwa kubeba mzigo huo.

Tatu, kadi zenyewe

Kama una kasha pana na pawa saplai nzuri ya wati 500 au 550, sasa tunaweza kuzungumza majina. Kadi za kati ninazozikubali ni hizi:

RX 6600 ya AMD, 2021, gigabaiti 8, wati 132. Ukiipata mtumba ikiwa safi, kwa skrini ya kawaida inatosha.

RTX 3060 ya NVIDIA, 2021, gigabaiti 12, wati 170. Kwa anayehariri video pia, kumbukumbu hiyo inasaidia sana. Lakini jihadhari: kuna RTX 3060 nyingine ya gigabaiti 8, na ni dhaifu zaidi ingawa jina ni lile lile.

RTX 4060, 2023, gigabaiti 8, wati 115. Inakula umeme kidogo kuliko zote katika orodha hii.

Arc B580 ya Intel, Desemba 2024, gigabaiti 12, wati 190. Ni nzuri kwenye kompyuta mpya tu. Kwenye prosesa za zamani hupoteza nguvu nyingi, kwa hivyo usiiweke kwenye mashine ya mtumba ya miaka kumi.

Kwa skrini ya kawaida, gigabaiti 8 ndiyo ya kuanzia. Kwa skrini ya 1440, tafuta 12 au 16. Kadi mpya kama RTX 5060 Ti na RX 9060 XT huuzwa kwa gigabaiti 8 na kwa 16 chini ya jina moja, basi mwambie muuzaji aandike idadi kwenye risiti.

Kuhusu bei, RTX 4060 ilitangazwa kwa dola 299 na Arc B580 kwa dola 249. Kwetu hufika ikiwa juu ya hapo, maana kuna usafiri, VAT ya asilimia 16 na faida ya muuzaji. Ukiona mtu mtandaoni anauza kadi mpya chini ya bei hizo, kumbuka wahenga: rahisi inavunja upishi.

Nne, tokeni

Kompyuta inayotumia wati 250 ukicheza saa nne imekula yuniti moja. Tofauti ya RTX 3060 na RTX 4060 ni wati 55. Kwa saa nne kila siku, mwezi mzima, ni karibu yuniti 6.6. Si nyingi, lakini kama tokeni inanunuliwa na mama, heshima ni kuhesabu.

Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, kadi huumia. Weka UPS. Usome wati zake na si VA, kwani wati huwa chache kuliko VA iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Tano, joto na chumvi

Haya hutayapata kwenye video za watu wa Marekani. Kadi hupozwa kwa hewa ya chumba. Chumba cha Limuru kikiwa na nyuzi 18 na chako cha Malindi wakati wa kaskazi kina 31, kadi ile ile itakuwa na joto la karibu nyuzi 13 zaidi kwako. RTX 4060 ina kikomo cha nyuzi 90. Ikikaribia hapo hupunguza mwendo, na gemu huanza kukwama. Kwa hivyo hapa pwani chagua yenye feni mbili, na kasha lenye matundu mbele.

Chumvi nayo hula kimyakimya. Nimefungua kompyuta za nyumba zilizo ufuoni nikakuta skrubu zimeshika kutu na miguu ya chipu imefanya ukijani. Usiweke kompyuta kwenye dirisha linalotazama bahari. Iwashe mara kwa mara, maana joto lake hukausha unyevu. Ukiizima na ikapoa, ifunike kitambaa. Kila baada ya miezi mitatu pulizia vumbi kwa hewa.

Ukinunua mtumba

Hadi Septemba 2022, kadi nyingi duniani zilikuwa zikichimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana. Ethereum ilipobadilisha mfumo wake, kadi hizo zikamwagwa sokoni. Si zote mbovu, lakini feni zake zimechoka. Zungusha feni kwa kidole usikie kama inakwaruza. Tazama skrubu na tundu la HDMI kama zina kutu. Washa GPU-Z, programu ya bure, uhakikishe jina na kumbukumbu ni zile ulizoambiwa, kwa kuwa kadi bandia zipo. Kisha cheza gemu nzito nusu saa mbele ya muuzaji. Akikataa, rudi nyumbani na pesa zako.

Na mpwa wangu? Diski haikuungua, video za harusi tulizitoa, lakini mteja mmoja alikuwa ameshakasirika na akadai arudishiwe malipo. Ile kadi tuliipima. Ilikuwa bado hai. Hatukununua nyingine. Tulinunua kasha pana, ubao na prosesa za mtumba, na pawa saplai mpya ya wati 550, tukaipa kadi nyumba inayoifaa. Angepima kasha kwa rula na kusoma karatasi moja kabla ya kutuma pesa, mteja wake asingemkasirikia.