Njegere: mbegu isiyohitaji duka

Katika milima ya Lubero na Masisi, kule baridi inakozuia muhogo kukomaa vizuri, njegere zinatoa chakula na feza. Sokoni tunaziita petipwa, na kwa sababu jina hilo ni la Kifaransa, wengi wanazania kwamba wazungu ndio walizileta. Lakini Kinyarwanda, kinachosemwa pia Masisi na Rutshuru, kina jina lake: amashaza. Neno hilo halikutoka Ulaya, na mmea wenyewe ulikuwa katika milima ya Maziwa Makuu kabla ya ukoloni.

Njegere zilianza kulimwa Mashariki ya Kati, miaka kama 10 000 iliyopita, pamoja na ngano na shayiri. Misri na Ethiopia zilizijua tangu zamani. Maharagi, tunayoyaona leo kama chakula cha babu zetu, yana asili yake Amerika, na yalivuka bahari kuja Afrika baada ya mwaka 1500. Wanahistoria wa kilimo wanaona kwamba milimani kwetu njegere ziliyatangulia.

Zilifikaje bila duka la mbegu? Zilipita mikononi mwa watu, kutoka jirani hadi jirani. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ua la njegere hujizalisha lenyewe kabla halijafunguka, na nyuki hana kazi kubwa ndani yake. Ukipanda mbegu nzuri, mwaka unaofuata utavuna zilezile. Mahindi hayako hivyo: upepo unachanganya yako na ya jirani.

Tabia hiyo ndiyo ilimsaidia mtawa mmoja, Gregor Mendel, katika bustani ya monasteri ya Brno, leo katika Jamhuri ya Cheki. Kati ya 1856 na 1863 alipanda njegere, akafungua maua kwa mkono na kuyachanganya jinsi alivyotaka. Alipochanganya mbegu za mviringo na zenye mikunjo, watoto wote walikuwa wa mviringo. Kizazi kilichofuata kilimpa mbegu 5 474 za mviringo na 1 850 zenye mikunjo, karibu tatu kwa moja. Alichapisha kazi yake mwaka 1866, akafa 1884, na ni mwaka 1900 tu wataalamu wengine walipoitambua. Toka hapo, wachaguzi wa mbegu duniani kote wanafuata njia yake, hata wale wa kituo cha Mulungu, karibu na Bukavu, wanaojulikana kwa maharagi.

Mendel anatufundisha jambo hata kwa kiwanja cha nyuma ya nyumba. Mbegu yenye mikunjo ina sukari nyingi, ni tamu ikiliwa mbichi, lakini inaoza upesi katika udongo wenye baridi na maji. Ile ya mviringo ina wanga zaidi na inavumilia. Panda mwanzo wa mvua, kina cha sentimita tatu hadi tano, na usimamishe vijiti ili mmea upande. Chagua mimea michache yenye afya, usichume maganda yake mabichi, yaache yakauke palepale. Kiisha menya, anika, changanya na majivu ya jikoni ili wadudu wasizitoboe, weka mahali pakavu.

Kazi ni ndogo, lakini mnyororo unakatika kwa urahisi. Mwezi wa sita 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, watu walikimbia kuelekea Lubero na Butembo. Anayekimbia anabeba watoto na godoro, na kama amebeba gunia la mbegu, njaa itamlazimisha kulipika. Akirudi, anakuta shamba lipo na mbegu haipo, na anaanza kununua kitu ambacho wazee wake hawakukinunua kamwe.

Kwa hiyo, mwenye kiwanja kidogo, hata Butembo mjini, apande mistari miwili ya mbegu tu. Na akishavuna, agawe kikombe kimoja kwa jirani wa mbali kidogo. Siku yake ikipotea, atajua pa kwenda kuiomba.