Mkono Usio Mtupu: Tonge na Fimbo katika Mafunzo ya Mbwa

Katika mwambao wa kusini mwa Dar es Salaam mbwa ana mahali pake, wala mahali hapo si ndani ya nyumba. Ndivyo ilivyo Kimbiji, kijiji kilichokuwa zamani chini ya Temeke na ambacho leo kimo katika Wilaya ya Kigamboni. Ni nchi ya wavuvi na wakulima, na wenyeji wake walio wengi ni Waislamu. Fikihi ya Imamu Shafii, iliyoenea pwani nzima, huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara 7, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kumfuga mbwa kwa ajili ya shamba, mifugo au mawindo si haramu. Lakini mbwa wa namna hiyo hulala nje, huwabwekea nguruwe-mwitu waijiao mihogo, na chakula chake hutupwa chini, mbali na vidole. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Pwani hata mkono uliojaa hauletwi karibu na ulimi wa mbwa.

Kwa sababu hiyo mtu aweza kudhani kwamba elimu ya watu wa pwani haikuwa na neno juu ya mbwa, mafunzo na chakula. Dhana hiyo haina msingi. Kurani, katika Sura ya Maida, aya ya 4, imehalalisha kilichokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofunzwa. Na hadithi iliyopokewa kwa Adi bin Hatim yaeleza kwamba mbwa akila katika windo, windo hilo lisiliwe, kwani yahofiwa kuwa amejishikia mwenyewe. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alilipanga jambo hili katika kitabu chake kiitwacho Minhaj, kitabu kilichosomwa sana na wanazuoni wa pwani yetu. Mbwa huhesabiwa amefunzika akienda anapotumwa, akikoma anapokatazwa, na akimshika mnyama bila ya kumla. Kuramba damu hakumwondolei cheo chake. Mambo hayo sharti yarudiwe hata iaminike kuwa adabu imemkaa. Na mbwa aliyekwisha kufuzu akila windo siku moja, hana budi kufunzwa upya.

Katika sheria hii chakula si chombo cha mwalimu, bali ni mtihani. Mbwa mwenye njaa aliyesimama juu ya swala na asimguse ametoa ushahidi usioweza kughushiwa. Lakini namna ya kumfikisha mbwa katika daraja hiyo, kwa tonge au kwa fimbo, sheria haikuagiza. Iliwaachia wawindaji, na wawindaji hawakuandika vitabu.

Walioandika vitabu ni watu wa Ulaya, na kwa muda mrefu waliegemea fimbo. Mwaka 1910 Konrad Most, afisa wa polisi wa Ujerumani, alitoa kitabu chake juu ya kufunza mbwa, ambacho kilifuatwa na majeshi na polisi wa nchi nyingi. Most hakukataa kumsifu mbwa wala kumpapasa, ila msingi wa kazi yake ulikuwa kulazimisha: mbwa atende kwanza, apende baadaye. Zama hizo Dar es Salaam ilikuwa chini ya serikali ya Kijerumani, na adhabu ya viboko 25 imebaki katika kumbukumbu za watu kwa jina la hamsa ishirini. Haifai kusema kwamba jambo moja lilizaa jingine. Inatosha kuona kuwa karne hiyo, ilipotaka kutiiwa, ilimwajiri mwalimu yule yule kwa mbwa na kwa binadamu.

Hoja dhidi ya mwalimu huyo ilitoka katika maabara. Mwaka 1898 Edward Thorndike wa Marekani alionyesha kuwa paka aliyefungiwa katika kasha hujifunza kulifungua upesi zaidi kila mara ikiwa nje pana chakula. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wa usagaji wa chakula, alionyesha kuwa mbwa hudondokwa na mate kwa ishara tupu ikiwa ishara hiyo imezoea kutangulia tonge. Kisha B. F. Skinner akaeleza mwaka 1951, kwa lugha nyepesi, jinsi mtu yeyote awezavyo kumfunza mbwa wake nyumbani kwa mlio mdogo unaofuatwa mara moja na kipande cha chakula.

Neno zito hapo ni “mara moja”. Mbwa wa shamba atupiwaye vichwa vya samaki jioni hajui kama analipwa kwa sababu usiku uliopita alimfukuza nguruwe. Kwake hicho ni chakula tu. Mlio ndio hutia muhuri juu ya tendo lenyewe, na tonge huja kuuthibitisha muhuri huo. Karen Pryor alilijua hili kwa pomboo huko Hawaii katika miaka ya 1960, kwani pomboo hachapiki: akichukizwa huogelea akaenda zake. Kitabu chake cha mwaka 1984 ndicho kilichoieneza elimu hiyo kwa wenye mbwa.

Hata hivyo, wapenzi wa tonge nao wana la kuungama. Keller na Marian Breland, waliokuwa wanafunzi wa Skinner, waliandika mwaka 1961 juu ya nguruwe waliofundishwa kubeba sarafu za mti na kuzitia katika kibweta ili wapate chakula. Baada ya majuma kadhaa nguruwe hao walianza kuziangusha njiani, kuzifukua kwa pua na kuzirusha, na njaa ilipozidi, ubishi nao ukazidi. Chakula kilikuwa kimeamsha maumbile yao badala ya kuyatawala. Nawawi asingalishangaa.

Mfano ulio bora katika Afrika Mashariki si wa mbwa bali wa panya. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoasisiwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likiwafunza panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya husikia mlio, kisha hupewa ndizi iliyopondwa; mafunzo huchukua kiasi cha miezi 9. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, akafariki mwaka 2022.

Wengine hunusa makohozi ili kutambua kifua kikuu, na hapa ndipo penye fundisho. Sampuli zilizokwisha kujulikana kuwa zina ugonjwa huchanganywa na zisizojulikana. Panya akisimama juu ya iliyojulikana hulipwa. Akisimama juu ya isiyojulikana halipwi, kwani mwalimu mwenyewe hajui kama amesema kweli. Kwa hiyo sehemu ya kazi iliyo na faida kwa mgonjwa ndiyo isiyo na ndizi. Panya huifanya kwa sababu malipo ya jirani yameshikilia imani yake. Mwindaji wa zamani alitaka mbwa asimamaye juu ya nyama bila ya kula. Morogoro imempata mnyama wa sifa hiyo, na imempata bila kiboko.

Mbwa nao wamerudi katika kazi hii. Waliofunzwa Usa River, karibu na Arusha, kunusa pembe za ndovu, walipelekwa katika bandari ya Dar es Salaam kuanzia katikati ya miaka ya 2010. Mbwa akigundua pembe halipwi nyama, hupewa mpira wa kuchezea. Waongozaji wengi walifika huko wakiwa hawajapata kumgusa mbwa maishani mwao, nao walianza kwa kunyosha mkono.